Ubaguzi kazini Marekani: sheria za shirikisho zinamlinda mfanyakazi vipi, na aanzie wapi?

Mdadisi_01

Wakuu, salaam. Naomba wenye ujuzi wa sheria za kazi Marekani watufafanulie jambo hili, maana kwenye makundi ya WhatsApp kila mtu anasema lake.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi yuko kwenye ghala lenye watu 40 hivi, jimbo la Georgia. Anavaa hijabu. Ameomba cheo cha kusimamia zamu akanyimwa, na msimamizi akamwambia kwamba kwa lafudhi ile hawezi kuongoza watu. Akapeleka malalamiko HR (ofisi ya rasilimali watu). Wiki mbili baadaye akatolewa zamu ya mchana akapelekwa ya usiku, mshahara uleule.

Je, ni sheria ipi inamkinga? Ana muda gani? Malalamiko ya HR yanatosha, au lazima aende serikalini? Na vipi kwa mwenye mwajiri mdogo wa watu watano sita, au asiye na karatasi zilizokamilika?

Nahodha

Ndugu Mdadisi, naanza na suala la muda, kwa sababu ndilo linaloua kesi nyingi kabla hata hazijasomwa.

Kwa mwajiri binafsi, malalamiko rasmi lazima yafike Tume ya Fursa Sawa za Ajira, ambayo wote wanaiita EEOC, ndani ya siku 180 tangu kitendo chenyewe. Zinakuwa siku 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake kinachosimamia sheria inayokataza ubaguzi wa aina hiyohiyo. Majimbo mengi yanacho. Ila Georgia, Alabama na Mississippi, kwa waajiri binafsi, kwa kawaida ni 180, kwa hiyo mtu wa mfano wako asijipe 300 kwa kusikia kwa jirani yake aliyeko jimbo jingine. Siku zinahesabiwa za kalenda, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ikiwa siku ya mwisho yenyewe imeangukia wikendi au sikukuu, unasogezewa hadi siku ya kazi inayofuata. Aliyenyimwa cheo tarehe 3 Machi, siku yake ya 180 ni 30 Agosti, na ya 300 ni 28 Desemba.

Watu hukosea hesabu hii kwa njia tatu. Kwanza, saa inaanza siku uliyoambiwa uamuzi, si siku ulipoanza kutekelezwa. Ukipewa barua tarehe 1 Mei kwamba kazi yako inaisha 30 Juni, siku zako zinakwenda tangu 1 Mei. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1980. Pili, kila tukio lina saa yake. Kunyimwa cheo ni tukio moja, kuhamishwa zamu ni jingine. La pili likiwa bado ndani ya muda, haliliokoi la kwanza. Manyanyaso yanayoendelea, kama matusi ya kila wiki, ndiyo pekee yanayoweza kuhesabiwa kama kitu kimoja, mradi tukio mojawapo liwe ndani ya muda. Mishahara nayo ina sheria yake ya mwaka 2009: kila malipo yaliyopunjwa kwa ubaguzi yanaanzisha hesabu upya.

Tatu, na hili ndilo jibu la swali lako kuhusu HR: malalamiko ya ndani hayasimamishi saa. Wala ya chama cha wafanyakazi. HR wanaweza kukwambia "bado tunachunguza" kwa miezi saba, na kwa nia njema kabisa, lakini siku yako ya 180 ikapita. Peleka kote kuwili.

Mfanyakazi wa serikali ya shirikisho yenyewe, mfano posta au hospitali ya maveterani, hafuati njia hii. Yeye ana siku 45 tu za kumwona mshauri wa fursa sawa wa idara yake. Nalitaja kwa haraka kwa sababu wengi wamepoteza haki wakidhani wana 180 kama wenzao.

BiShauri

Namshukuru Nahodha. Mimi naongeza upande wa sheria zenyewe, maana zipo nyingi na kila moja ina mlango wake.

Iliyo kubwa ni Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Inakataza ubaguzi kwa sababu ya mbari (race), rangi, dini, jinsia na asili ya taifa. Inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kwa angalau wiki 20 katika mwaka huu au uliotangulia. Ujauzito uliongezwa wazi mwaka 1978, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikasema neno jinsia linabeba pia mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia. Ulemavu una sheria yake ya 1990, na idadi ni hiyohiyo 15. Umri una sheria ya 1967: inamlinda mwenye miaka 40 na kuendelea, na mwajiri awe na watu 20. Mama mjamzito anayehitaji kiti, maji, au kupunguziwa kubeba mizigo ana sheria mpya iliyoanza kutumika 27 Juni 2023, na hahitaji kuthibitisha kwamba ni mlemavu. Malipo sawa kwa mwanamke na mwanaume wanaofanya kazi sawa yanatoka kwenye sheria ya 1963, ambayo haina sharti la kupita EEOC kwanza. Unaweza kwenda mahakamani moja kwa moja ndani ya miaka 2, au 3 kama mwajiri alifanya makusudi.

Turudi kwa dada wa ghalani. Ana mambo matatu, na ayatenganishe.

Lafudhi: inaingia chini ya asili ya taifa. Mwajiri anaruhusiwa kuitumia kukunyima kazi ikiwa tu inakwamisha kwa kiasi kikubwa kazi yenyewe. Kwa hiyo swali si kama msimamizi anaipenda. Swali ni kama watu wa zamu wanamwelewa anapotoa maelekezo. Ikiwa amefundisha wafanyakazi wapya kwa mwaka mzima na hakuna aliyelalamika, hoja ya mwajiri imekosa miguu. Hapohapo niseme kuhusu amri za "Kiingereza tu": amri inayobana hadi wakati wa mapumziko, EEOC inaichukulia kuwa ni kinyume cha sheria hadi mwajiri athibitishe vinginevyo. Inayobana kwa muda maalumu kwa sababu ya kazi, kama usalama wa mashine au mawasiliano ya dharura, inaweza kusimama, lakini wafanyakazi waelezwe mapema.

Hijabu: mwajiri anatakiwa kuruhusu vazi la dini, swala, au likizo ya sikukuu, isipokuwa kama inamletea mzigo mkubwa. Kwa miaka mingi mahakama zilikubali mzigo wowote mdogo kuwa sababu. Mwaka 2023, katika kesi ya Groff dhidi ya DeJoy, Mahakama Kuu ilisema hapana: lazima gharama iwe kubwa kwa kulinganisha na biashara ya mwajiri huyo. Manung'uniko ya wenzako au wateja wasiopenda dini yako hayahesabiwi kuwa mzigo. Na tangu kesi ya Abercrombie & Fitch ya 2015, mwajiri hawezi kujitetea kwamba mwombaji "hakusema" anahitaji ruhusa, ikiwa alimkataa ili kukwepa kumpa ruhusa hiyo. Hata hivyo, kwa usalama wako, sema, na useme kwa maandishi.

Kuhamishwa zamu: hapa sheria imebadilika karibuni. Zamani kesi nyingi zilitupwa kwa kuwa mshahara haukupungua. Aprili 2024, katika kesi ya Muldrow dhidi ya jiji la St. Louis, Mahakama Kuu ilisema inatosha mfanyakazi aonyeshe madhara fulani katika masharti ya kazi. Si lazima yawe makubwa. Kutoka mchana kwenda usiku ni badiliko la masharti ya kazi.

Lakini kwangu mimi, hoja yake yenye nguvu zaidi si ubaguzi wenyewe. Ni kulipiziwa kisasi. Alilalamika, na wiki mbili baadaye akahamishwa. Kulipiza kisasi ndiko kunakoongoza kwa wingi katika malalamiko yanayofika EEOC, na kipimo chake ni hiki: je, kitendo hicho kingeweza kumfanya mfanyakazi wa kawaida asite kulalamika? Na anaweza kushinda hoja hii hata kama ile ya cheo imeshindwa, mradi aliamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba alichokilalamikia ni ubaguzi.

Mzee_Kalamu

Mada nzuri. Ninalotaka kulisisitiza ni maneno, kwa sababu hapo ndipo nionapo watu wanajikwaa bila kujua.

Sheria haimlindi mtu dhidi ya msimamizi mkali, mwenye upendeleo kwa marafiki, au asiye na adabu. Ajira nyingi Marekani ni za hiari: mwajiri anaweza kukutoa kwa sababu nzuri, mbaya, au bila sababu, ilimradi isiwe iliyokatazwa na sheria. Kwa hiyo barua isemayo "meneja ananionea, hanitendei haki" inaweza isihesabiwe kabisa kuwa malalamiko ya ubaguzi. Na ukifukuzwa kesho, mwanasheria wa mwajiri atasema hapakuwa na kisasi kwa kuwa hukuwahi kutaja ubaguzi. Taja sababu kwa jina lake. Kwa dada huyu, barua kwa HR ingekuwa hivi:

"Tarehe 20 Februari niliomba nafasi ya kusimamia zamu. Tarehe 3 Machi, mbele ya fulani, msimamizi wangu aliniambia kwamba kwa lafudhi yangu siwezi kuongoza watu. Nafasi alipewa mtu mwenye miezi minane kazini. Mimi nina miaka mitatu. Ninaamini nimenyimwa kwa sababu ya asili yangu ya taifa na dini yangu. Naomba jambo hili lichunguzwe na nijibiwe kwa maandishi."

Haina matusi wala kurasa sita. Tarehe, maneno yaliyosemwa, shahidi, mtu wa kulinganishwa naye, sababu. Itume kwa barua pepe. Kama ulisema kwa mdomo, tuma barua pepe siku hiyohiyo: "Nathibitisha mazungumzo yetu ya leo saa nne asubuhi..." Kama Kiingereza kinakupa shida, andika kwa sentensi fupi na mpe mtu akusahihishie, lakini usimwache akubadilishie ukweli ili upendeze.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi ni hivyohivyo. Weka daftari nyumbani, si kwenye kompyuta ya kazi. Siku ya kufukuzwa unafungiwa barua pepe ya kazi papo hapo, na kila ulichokihifadhi mle kimekwenda. Andika tarehe, saa, nani alisema nini, nani alisikia. Hifadhi ratiba za zamu, hati za malipo, tathmini za kazi, tangazo la ile nafasi. Usichukue orodha za wateja, faili za wafanyakazi wengine, au siri za kampuni; kuna kesi nzuri zilizoharibika kwa sababu mwajiri alipata kisingizio halali cha kumfukuza mtu aliyebeba nyaraka zisizo zake. Kurekodi sauti nako kuna mtego: baadhi ya majimbo, kama California, yanataka wote wanaozungumza wakubali. Georgia inatosha mmoja wao akubali, lakini kanuni za kampuni zinaweza kukataza.

Ushahidi unaobeba uzito kuliko wote ni wa kulinganisha. Mtu wa kazi kama yako, chini ya msimamizi yuleyule, aliyefanya kosa kama lako au mwenye sifa pungufu, akatendewa vizuri zaidi, na si wa kundi lako. Tangu kesi ya McDonnell Douglas ya 1973, mfumo ni huu: unaonyesha dalili za kwanza za ubaguzi, mwajiri anatoa sababu yake, kisha unaonyesha kwamba sababu hiyo ni kisingizio. Kisingizio huonekana pale sababu inapobadilikabadilika. HR wanasema "uzoefu", msimamizi alisema "lafudhi", na miezi baadaye utetezi rasmi unasema "nidhamu", wakati faili halina onyo hata moja.

Na usiruke njia ya ndani. Katika manyanyaso ya msimamizi ambayo hayakufikia kufukuzwa au kushushwa cheo, mwajiri anaweza kujinasua akithibitisha kwamba alikuwa na utaratibu mzuri wa malalamiko na mfanyakazi hakuutumia bila sababu ya maana.

BiShauri

Nilisahau waajiri wadogo na karatasi.

Mwajiri wa watu watano hayumo kwenye Sura ya Saba. Ila ipo sheria ya zamani ya 1866, inayoitwa Kifungu cha 1981 (hiyo ni namba ya kifungu, si mwaka). Inakataza ubaguzi wa mbari katika mikataba, kazi ikiwemo, haina idadi ya chini ya wafanyakazi, haihitaji EEOC, na kwa kesi nyingi za kazini muda wake ni miaka 4. Inamfaa hata asiyeajiriwa bali anafanya kazi kwa mkataba binafsi, kundi ambalo Sura ya Saba inaliacha nje. Inagusa mbari na asili ya ukoo, haigusi dini, jinsia wala umri. Kuna pia sheria za majimbo: California inaanza na watu 5, na jimbo la New York linawahusu waajiri wote bila kujali idadi.

Kama umeletwa na wakala wa ajira, usikubali kurushwa huku na huku. Wakala na kampuni unakofanyia kazi wote wawili wanaweza kuwa waajiri wako kisheria. Wataje wote kwenye malalamiko.

Kuhusu karatasi: ubaguzi wa uraia au hadhi ya uhamiaji uko chini ya sheria ya 1986, na unapelekwa kwenye kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi cha Wizara ya Sheria, si EEOC, ndani ya siku 180. Inawahusu waajiri wa kuanzia watu 4. Kosa linalotokea mno ni siku ya kujaza fomu ya I-9, ile ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi: mwajiri anamwambia mkimbizi "lete green card". Haruhusiwi. Wewe ndiye unayechagua hati kutoka kwenye orodha: moja ya orodha A, au moja ya B pamoja na moja ya C.

Asiye na kibali cha kazi analindwa dhidi ya ubaguzi, lakini anachoweza kulipwa kinaweza kupungua, hasa mshahara wa kipindi alichokuwa nje ya kazi na kurudishwa kazini. Huyo azungumze na mwanasheria kabla hajasaini chochote.

Mdadisi_01

Ahsanteni sana wakuu. Sasa hatua za EEOC zenyewe zikoje? Na kama alisaini makubaliano ya usuluhishi binafsi (arbitration, yaani mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama) siku ya kuajiriwa, au anapewa pesa asaini kuachia madai?

Nahodha

Unaanza kwenye tovuti ya EEOC au kwa simu 1-800-669-4000. Hulipi, na mwanasheria si lazima. Unajaza ulizo, unapangiwa mahojiano, kisha ofisa anaandika malalamiko rasmi nawe unayasaini. Shika hapa: ulizo si malalamiko. Wapo waliojaza ulizo, wakatulia, na siku zikaisha. Nafasi za mahojiano zinaweza kuwa mbali. Zikibaki siku 60 au pungufu, mfumo unakupa maelekezo ya kufungua haraka. Unaweza pia kutuma barua yenye saini ikiwa na majina na anwani za pande zote, idadi ya wafanyakazi kama unaijua, nini kilitokea, lini, na kwa nini unaamini ni ubaguzi. Ukihitaji mkalimani, sema mapema.

Soma rasimu ya ofisa neno kwa neno kabla ya kusaini. Kama umetaja asili ya taifa tu na ukasahau dini au kisasi, mwajiri ataomba mahakama itupe hoja ambazo hazimo. Likitokea jipya baadaye, omba malalamiko yarekebishwe, au fungua mengine.

Mwajiri anaarifiwa ndani ya siku 10. Kuanzia hapo anatakiwa kuhifadhi kumbukumbu zote zinazohusika hadi shauri liishe. Huenda mkaalikwa kwenye upatanishi, ambao ni wa hiari na bure. Nenda ukiwa umeshapiga hesabu ya ulichopoteza. Upatanishi usipofanikiwa, mwajiri anaandika utetezi wake. Omba nakala, ujibu hoja kwa hoja, kwa nyaraka.

Mwisho inakuja barua ya haki ya kushtaki, na unakuwa na siku 90 za kufungua kesi mahakamani. Barua nyingi sasa zinawekwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni, na zipo mahakama zilizohesabu tangu taarifa ilipofika kwa barua pepe, hata kama mhusika hakuifungua. Angalia hadi kwenye barua taka. EEOC kusema haikupata ushahidi wa kutosha hakukufungii mahakama. Zikipita siku 180 bila uamuzi, unaweza kuiomba barua hiyo mwenyewe. Kwa kesi ya umri huisubiri. Unaweza kushtaki siku 60 baada ya kufungua malalamiko.

Kuhusu pesa, chini ya Sura ya Saba na sheria ya ulemavu, fidia ya maumivu pamoja na ya adhabu ina kikomo: dola 50,000 kwa mwajiri wa watu 15 hadi 100, 100,000 kwa 101 hadi 200, 200,000 kwa 201 hadi 500, na 300,000 kwa zaidi ya hapo. Ghala la watu 40 liko ngazi ya chini. Mshahara uliopotea hauhesabiwi ndani ya kikomo, na Kifungu cha 1981 hakina kikomo. Ndiyo maana wanasheria hukiongeza kila kinapofaa.

Mkataba wa usuluhishi binafsi kwa kawaida unakutoa mahakamani, lakini haukuzuii kwenda EEOC. Kwa unyanyasaji au udhalilishaji wa kingono, sheria iliyosainiwa Machi 2022 inakupa hiari ya kuukataa mkataba huo hata kama uliusaini zamani.

Kuachia madai kwa pesa kunafunga kama ulijua unachosaini na hukulazimishwa. Haki ya kufungua malalamiko EEOC haiwezi kuuzwa, ila pesa binafsi unaweza kuwa umeshaziachia. Mwenye miaka 40 na zaidi lazima apewe siku 21 za kutafakari, au 45 ikiwa wanapunguzwa watu kwa kundi, na siku 7 za kubadili mawazo baada ya kusaini. Chini ya miaka 40 sheria ya shirikisho haitaji siku, kwa hiyo ukiambiwa "saini leo", omba kwa maandishi wiki moja ya kumwonyesha mwanasheria. Na kabla ya kukubali, angalia kama siku zako 180 zinaishia katikati ya mazungumzo. Zikiwa zinaishia, fungua malalamiko kwanza. Mnaweza kuendelea kuzungumza yakiwa yameshafunguliwa.